Hakuna haki bila wajibu: sentensi moja, maana tatu

Sentensi hii tunaifahamu tangu shule ya msingi: hakuna haki bila wajibu. Mwalimu huiandika ubaoni, mwanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani. Miaka ishirini baadaye mwanafunzi yuleyule, sasa mtu mzima mwenye kadi ya kupigia kura, anakwenda ofisini kufuatilia jambo lake na ofisa wa upande wa pili wa meza anamrudishia sentensi ileile: "Unadai haki, wewe wajibu wako umeutimiza?" Hapo mtu hunywea. Hurudi nyumbani bila kile alichokifuata, na njiani anajiona yeye ndiye mkosaji.

Nimeitafakari sana sentensi hii, kwa sababu ni ya kweli na ni ya uongo kwa wakati mmoja. Imebeba maana tatu. Moja ni potofu, na imeumiza watu. Ya pili ni kweli tupu, ila mwenye wajibu humo siye tunayemdhania. Ya tatu nayo ni kweli, na ndiyo yenye gharama. Anayeitumia kutisha watu husema ya tatu mdomoni huku akimaanisha ya kwanza, na msikilizaji asiyezitenganisha hana la kujibu.

Maneno yenyewe yanachangia utata huu. Kwa Kiswahili, "haki" ni ile ninayoidai, kama haki ya kupiga kura, na pia ni ule uadilifu tunaoutarajia kwa hakimu tunaposema ametenda haki. Neno "raia" lina historia nzito zaidi. Limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni kundi linalochungwa, ndipo likaja kuwa watu walio chini ya mtawala. Raia alikuwa wa kuongozwa, kulindwa na kukamuliwa. Demokrasia iliposhika neno hilo ililigeuza kichwa chini miguu juu: aliyekuwa kundi ndiye anayemwajiri mchungaji, na ndiye anayeweza kumfukuza. Lakini maneno hayasahau upesi. Katika hotuba nyingi zinazowahimiza "raia wema" bado nasikia sauti ya mchungaji.

Tena "haki za kiraia" huwapotosha wengi wakadhani ni haki za wenye pasipoti ya nchi tu. Sivyo. Ukisoma Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1966 na kuanza kutumika mwaka 1976, utaona ibara baada ya ibara ikisema "kila mtu" au "hakuna mtu". Hakuna mtu atakayeteswa. Hakuna atakayekamatwa kiholela. Kila mtu ana haki ya kusikilizwa na mahakama isiyoelemea upande, ya kuabudu, ya kutoa maoni. Ni ibara ya 25 pekee inayosema "kila raia", na inahusu kushiriki katika uendeshaji wa nchi: kupiga kura, kugombea, kupata nafasi katika utumishi wa umma. Kwa hiyo mgeni, mkimbizi, hata aliyeingia bila kibali, akikamatwa hawezi kuambiwa kwamba kipigo ni halali kwake kwa kuwa si mwananchi. Kura ni ya raia, lakini mwili usioguswa ni wa kila mtu.

Turudi kwenye maana ya kwanza, ile potofu. Inachukulia haki kama ujira. Fanya kazi kwanza, ndipo ulipwe: tii, changia, nyamaza, kisha serikali itakutazama. Ukiwa mkaidi, haki zako zinakatwa kama mshahara wa mtoro.

Kisa cha India kinaonyesha hatari yake waziwazi. Juni 1975 serikali ya Indira Gandhi ilitangaza hali ya dharura. Wapinzani, waandishi wa habari na wanaharakati walitiwa ndani kwa maelfu bila kufunguliwa mashtaka. Aprili 1976 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, majaji wanne kwa mmoja, kwamba dharura ikiwa inaendelea mtu aliye kizuizini hana mlango wa mahakama wa kubisha ili aulize kwa nini amefungwa. Na ni mwaka huohuo wa 1976 Katiba ilipofanyiwa marekebisho ya 42 na kuongezwa orodha ya wajibu wa msingi wa raia, kumi kwa hesabu: kuheshimu bendera na wimbo wa taifa, kulinda umoja wa nchi, kutunza mazingira, kulinda mali ya umma na mengineyo. Kila kimoja ukikisoma peke yake huoni ubaya. Tazama sasa wakati uliochaguliwa: haki zimefungiwa kabatini, wajibu unabandikwa ukutani. Na katika orodha hiyo kupiga kura hakumo, wala kulipa kodi hakumo.

Machi 1977 uchaguzi ulipoitishwa, wananchi walitimiza ule ambao orodha haikuutaja. Walijipanga foleni, wakaiondoa serikali madarakani, na waziri mkuu mwenyewe akapoteza kiti chake cha ubunge. Mwaka 1978 Katiba ikarekebishwa tena ili ulinzi wa uhai na uhuru wa mtu usiweze kusimamishwa hata wakati wa dharura.

Wahenga waliliona hili kabla ya mikataba: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali haisemi mpeni akiwa mwema. Inakubali kwamba mtu anaweza kuwa hatupendezi, ana makosa, hata tumekwisha kumwadhibu, na bado kuna chake ambacho si chetu kukizuia. Ndiyo maana Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopigiwa kura Paris tarehe 10 Desemba 1948, linaanza kwa kusema binadamu wote wamezaliwa huru na sawa. Kuzaliwa ndilo sharti lenyewe. Azimio halikusahau wajibu: ibara ya 29, ya pili kutoka mwisho kati ya 30, inasema kila mtu ana wajibu kwa jamii, kwa kuwa ndani ya jamii ndimo utu wake unamoweza kukua kikamilifu. Lakini halikuuweka wajibu mlangoni kama mlinzi wa kukagua nani aingie.

Mtu atauliza: na mfungwa je? Si amenyang'anywa uhuru wake kwa kuvunja wajibu? Amenyang'anywa, lakini angalia kilichotokea. Mahakama, baada ya kumsikiliza, imembana haki moja mahususi, kwa muda mahususi, kwa kosa lililothibitishwa. Nyingine zote amebaki nazo. Haruhusiwi kuteswa, ana haki ya kutibiwa, ya kukata rufaa. Afrika Kusini waliusukuma mjadala huu hadi mwisho wake. Mwaka 1999, wiki chache kabla ya uchaguzi wa pili wa kidemokrasia, Mahakama ya Katiba iliamuru tume ya uchaguzi iandae utaratibu wa wafungwa kujiandikisha na kupiga kura. Jaji Albie Sachs aliandika kwamba kura ya kila raia ni alama ya heshima na utu wake, kwamba inatamka kihalisi kuwa kila mtu anahesabika. Bunge likajaribu kuwaondoa baadhi yao kwa sheria; mwaka 2004 mahakama ikaitupa. Si kila nchi inakubaliana na msimamo huo, na najua wasomaji wengi hautawakaa vizuri. Mimi nauunga mkono. Kura ikishakuwa zawadi ya tabia njema, swali linalofuata ni nani atapima tabia, na jibu huwa ni aliye madarakani.

Maana ya pili ya sentensi yetu ni kwamba kila haki ina mtu wa kuibeba. Nikisema nina haki ya kitu, maana yake kuna mwingine mwenye wajibu wa kukifanya au kutokifanya. Haki isiyo na wa kuibeba ni dua tu.

Juni 1961, katika mji wa Panama City jimboni Florida, Marekani, mtu aitwaye Clarence Earl Gideon alishtakiwa kuvunja ukumbi wa kuchezea pool na kuiba. Hakuwa na fedha. Mahakamani aliomba apewe wakili. Jaji akamwambia kwamba sheria za Florida ziliruhusu wakili wa serikali kwa kesi za adhabu ya kifo tu. Gideon, aliyekuwa na elimu ndogo, akajitetea mwenyewe, akahukumiwa miaka mitano. Akiwa gerezani alichukua kalamu ya risasi na karatasi za gereza, akaandika ombi kwa Mahakama ya Juu ya nchi. Ukiona picha ya karatasi zile, mwandiko ni wa herufi za kuchapa, moja moja, wa mtu anayeandika polepole akihofia kukosea. Machi 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye: asiyeweza kulipa wakili katika kesi ya jinai lazima apewe na serikali. Kesi ikasikilizwa upya Agosti mwaka huo, safari hii akiwa na wakili aliyejua namna ya kumhoji shahidi mkuu. Wazee wa baraza walimwachia huru.

Sasa uliza sentensi yetu: wajibu katika kisa hiki ulikuwa wa nani? Gideon hakuwa raia wa mfano. Alikuwa ameshafungwa mara kadhaa kabla ya hapo. Mwenye wajibu alikuwa serikali, na alikuwa hajautimiza. Kwa hiyo yule ofisa anayeuliza "wajibu wako umeutimiza?" mara nyingi anauliza swali sahihi akimwelekezea mtu asiye sahihi. Ajigeukie yeye kwanza.

Wanasheria hugawa wajibu wa serikali katika ngazi tatu, na mgawanyo huu unasaidia sana ukiuvaa miguuni na kutembea nao. Chukua haki ya kukusanyika kwa amani. Ngazi ya kwanza ni kuheshimu: polisi wasiwatawanye watu wanaoandamana bila fujo. Ya pili ni kulinda: wahuni wakija kuwarushia mawe waandamanaji, polisi hawaruhusiwi kugeuza shingo. Ya tatu ni kutimiza: kuwe na utaratibu wa kutoa taarifa ya maandamano, njia ipangwe, magari yaelekezwe kwingine, na mahakama iwe wazi kwa aliyezuiwa bila sababu. Serikali nyingi hujisifu kwa ngazi ya kwanza pekee, tena siku za utulivu.

Lakini wajibu huu si wa serikali peke yake. Fikiria chumba kidogo cha kupigia kura, kile cha pazia au kasha la karatasi ngumu. Kabla ya kura ya siri, katika nchi nyingi mpiga kura alitamka jina la anayemtaka kwa sauti, na mwenye shamba au mwajiri wake amesimama pale akisikiliza. Makoloni ya Victoria na South Australia, huko Australia, yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kupitisha, mwaka 1856, sheria ya kutumia karatasi iliyochapwa na serikali na kutiwa alama faraghani. Uingereza ikafuata mwaka 1872. Serikali inaweza kuweka pazia. Haiwezi kuingia nyumbani. Mume anayemwamuru mkewe apige picha ya karatasi yake kwa simu ili athibitishe amemchagua nani, au mwajiri anayewataka vibarua wake walete picha kama hiyo ndipo walipwe, amelibomoa pazia lile akiwa mbali kabisa na kituo. Siri ya kura ya mke ni wajibu wa mume. Hapa ndipo haki na wajibu vinapoonana ana kwa ana, na hakuna askari katikati.

Na mipaka? Ndiyo, haki nyingi zina mipaka, ila kuna kipimo. Kizuizi lazima kiwe kimeandikwa katika sheria inayojulikana mapema, kiwe na lengo halali kama usalama wa watu, afya au haki za wengine, kisha kiwe cha lazima na kisichozidi kinachohitajika. Maswali haya matatu mtu yeyote anaweza kuyauliza kwa adabu: ni sheria gani, kwa lengo gani, na hakuna njia nyepesi zaidi? Kusambaza uongo unaomtaja jirani kuwa mwizi si uhuru wa maoni, kwa sababu jina lake nalo ni haki yake. Kumwambia kiongozi kwamba ameshindwa kazi ni jambo jingine kabisa, hata likimkera. Zipo pia haki zisizo na mpaka wowote: kutoteswa na kutofanywa mtumwa. Hizo hazipimwi kwa kipimo chochote, vita viwepo visiwepo.

Maana ya tatu ndiyo ninayotaka kukaa nayo zaidi. Inasema: haki isiyotumiwa hunyauka. Hapa raia hadaiwi na serikali. Anadaiwa na wenzake, na watoto ambao bado hawajazaliwa.

Montgomery, jimboni Alabama, Marekani, mwaka 1955. Sheria za ubaguzi zilimtaka abiria mweusi akae nyuma ya basi, na viti vya mbele vikijaa, ampishe mweupe. Tunamkumbuka Rosa Parks aliyekataa kunyanyuka tarehe 1 Desemba. Miezi tisa kabla yake, tarehe 2 Machi, alikamatwa msichana wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin kwa jambo hilohilo. Kuanzia Jumatatu tarehe 5 Desemba watu weusi wa mji ule, ambao walikuwa takriban robo tatu ya abiria, waliacha kupanda mabasi.

Waliacha kwa siku 381. Ukiisoma namba hiyo haraka inapita, kwa hiyo isome polepole. Mfanyakazi wa ndani anayeamka kabla ya alfajiri, anatembea kilomita kadhaa kwenda kufua na kupika, anasimama siku nzima, kisha anarudi kwa miguu usiku, mvua au jua, siku 381. Wenye magari walipanga zamu za kubeba wenzao, wakaweka vituo na ratiba. Polisi wakawaandikia madereva hao faini za barabarani. Bima za magari zikafutwa, wakatafuta nyingine hadi London. Januari 1956 nyumba ya kiongozi wa mgomo huo, mchungaji kijana Martin Luther King, ilipigwa bomu, mkewe na mtoto wake mchanga wakiwa ndani, hawakuumia. Machi alitiwa hatiani kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza migomo ya namna hiyo, akatozwa faini ya dola 500. Ukiwauliza wenye mamlaka wa wakati ule, wale watembea kwa miguu ndio waliokuwa wavunjaji wa wajibu. Utiifu kwa sheria ni wajibu wa raia kweli, lakini Montgomery inatukumbusha kwamba sheria yenyewe hushtakiwa. Waliokataa walikataa hadharani, bila kumpiga mtu, wakakubali kukamatwa, na papo hapo wakaenda mahakamani.

Sehemu ya mahakama husahaulika sana. Waliofungua kesi iliyoangusha ubaguzi ule walikuwa wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith, na yule msichana Claudette Colvin. Wa tano alijitoa kwa shinikizo na hofu, na sithubutu kumlaumu. Tarehe 13 Novemba 1956 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi, na tarehe 21 Desemba watu wakapanda mabasi wakikaa wanapotaka. Miguu peke yake isingebadilisha sheria. Kesi peke yake, bila mji mzima kutembea, ingekuwa faili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Je, raia alazimishwe kutimiza wajibu wa namna hii? Australia imejaribu kwa upande wa kura. Mwaka 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Sheria ya kulazimisha ikapitishwa mwaka 1924, na uchaguzi wa 1925 ukazidi asilimia 91. Asiyepiga bila sababu ya msingi hutozwa faini ya dola 20 za Australia. Ni namba za kuvutia, na nakubali zina faida moja kubwa: wanasiasa hawawezi kupuuza maskini kwa kujua hawatakuja. Hata hivyo sheria huleta mwili kituoni. Haiwezi kuleta jicho kwenye kitabu cha hesabu cha halmashauri siku ya kawaida ya wiki, wakati hakuna kamera.

Na wajibu mwingi ulio mzito uko huko, siku za kawaida. Kodi ni mojawapo: yule wakili wa Gideon analipwa na mtu. Mwingine ni kwenda kutoa ushahidi wa ulichokiona kwa macho yako, ingawa kesi itakula siku zako za kazi. Kuna kusoma tangazo la mradi na kuuliza fedha ziko wapi. Kuna kukataa kusambaza taarifa uliyoipokea kabla ya kujua imetoka wapi. Na kuna kumtetea mtu wa chama usichokipenda anapokamatwa kiholela, na huu nauona kuwa mgumu kuliko yote, kwa sababu haulipi chochote na marafiki zako watakushangaa.

Claudette Colvin alikuwa amepewa hukumu ya mahakama ya watoto na kuwekwa chini ya uangalizi, na rekodi ile ilibaki kwenye mafaili ya Alabama. Viongozi wa vuguvugu hawakumchagua kuwa sura ya mapambano. Alikuwa mdogo mno, na maisha yake yakasonga mbali na kamera. Mwaka 2021, akiwa na miaka 82, alipeleka ombi mahakamani ili rekodi ifutwe. Jaji akasaini amri. Ilikuwa imepita miaka 66.